Jumba la Enzi

Mchezaji akifa angali anacheza, je, anastahili kuingizwa kwenye... Hapo sentensi hukwama. Kila aliyewahi kubishana juu ya jambo hili kwa Kiswahili anajua jinsi ulimi unavyotafuta pa kukanyaga. Mmoja atasema "ukumbi wa umaarufu", mwingine "jumba la watu mashuhuri", wa tatu ataonyesha kidole juu kana kwamba mahali penyewe ni mbinguni. Ubishi huisha bila mshindi, kwa sababu kila mmoja alikuwa akimwingiza marehemu kwenye nyumba yake.

Naandika haya Mgololo, Mufindi, ambako misindano ya Sao Hill hugeuka karatasi. Anayeishi jirani na kiwanda cha karatasi hana udhuru wa kuacha maneno yakae ovyo juu yake. Kwa hiyo, mlinzi mwenzangu wa lugha, kabla hatujaamua nani aingie na nani abaki nje, tuyashike maneno moja moja, tuyageuze, tuone upande wa pili yameandikwa nini.

Marehemu wetu ni wawili, na wote unawajua. Samuel Wanjiru aliipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki, Beijing mwaka 2008, kwa muda wa 2:06:32. Akafariki Mei 2011, umri miaka 24. Kelvin Kiptum alikimbia marathoni 3 tu, zote chini ya 2:02, na ya mwisho, Chicago Oktoba 2023, aliimaliza kwa 2:00:35, muda ambao hakuna aliyekuwa ameufikia katika shindano linalotambuliwa. Akafariki Februari 2024, naye umri miaka 24. Wengine watapita njiani, lakini hawa wawili ndio mizani yetu.

Tuanze na "ukumbi". Katika nyumba za zamani ukumbi ni mahali pa mbele, mgeni anapopokelewa. Siku hizi ukumbi hukodishwa: ukumbi wa harusi, ukumbi wa disko, ukumbi wa semina wenye viti vya plastiki na spika mbili. Ukimwambia mtu wa Mafinga kwamba Wanjiru ameingia ukumbini, atauliza nani anaoa. Na kuna kasoro kubwa kuliko hiyo: ukumbini watu huingia na kutoka, saa sita usiku mwenye ukumbi anadai funguo. Huyu tunayemtafutia mahali hatoki tena. "Jumba" lina kifua kipana zaidi. Ni nyumba iliyokuzwa, na nyumba hukaliwa. Tuliweke kando, tutalihitaji.

"Umaarufu" umetokana na Kiarabu, na maarufu maana yake ni kinachojulikana. Basi. Neno halisemi kinajulikana kwa lipi. Gazeti huandika "jambazi maarufu anaswa" na sarufi hainuni. "Mashuhuri" ni jirani yake wa mlango wa pili, tabia zilezile. Kama kigezo ni kujulikana tu, Kiptum alipita siku ileile alipokata utepe Chicago, na hatuna la kujadili. "Sifa" nayo ina mguu mmoja mbovu: mwambie mtu "wewe unapenda sifa" uone kama atakushukuru.

"Heshima" ni neno zuri, na uzuri wake ndio uliolichosha. Kwa Kiarabu asili yake ni haya na staha, na hadi leo mavazi ya heshima ni yale yanayositiri. Lakini tumelipa kazi nyingine. Tuna mgeni wa heshima ambaye hakuandaa shughuli, na shahada ya heshima ya mtu ambaye hakukaa darasani. Kitu "cha heshima", katika masikio ya leo, ni kile unachopewa bila kukitolea jasho. Kumpeleka mkimbiaji wa kilomita 42 kwenye "ukumbi wa heshima" ni kunong'ona kwamba tumemhurumia. Huruma ina mahali pake, nayo ni msibani.

"Shujaa" ananivuta zaidi, hasa huku kwetu. Wakenya wana Siku ya Mashujaa kila Oktoba 20, sisi Watanzania Julai 25. Pale Kalenga, karibu na Iringa mjini, yapo makumbusho yanayohifadhi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyewapinga Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mkwawa alikufa Julai 1898 akiwa bado anawindwa, na sijasikia Mhehe akiuliza kama alitumikia miaka ya kutosha. Shujaa hupimwa kwa alichothubutu. Ila shujaa anahitaji adui na hatari, na mkimbiaji wa marathoni anashindana na saa. "Jumba la Mashujaa" tuwaachie wa mkuki na risasi.

Umeliona neno "makumbusho" likipita? Lisimamishe kidogo. Kukumbuka ni kazi yako mwenyewe. Kukumbusha ni kazi ya mwingine juu yako. Lugha haikupaita mahali pale makumbuko. Ilijua kwamba ukiachwa peke yako utasahau.

Mjadala huu wa aliyekufa akicheza umepamba moto zaidi Kanada na Marekani, kwenye mchezo ambao sisi huuita "mpira wa magongo". Jina hilo nalipenda. Kwanza lina mzaha wake, maana Tanzania gongo ni fimbo nene na pia ni ile pombe inayokimbiwa na polisi na kukimbiliwa na wanywaji. Pili lina historia: timu yetu ya magongo ilicheza Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, ikashika nafasi ya 6 kati ya timu 6. Tatu, na hapa ndipo ninapotabasamu, jina linafaa hata kwenye barafu. Kule hawapigi mpira wa duara. Hupiga kisahani kigumu cheusi. Mtu akikupinga kwamba kisahani si mpira, mwulize kimetengenezwa kwa nini. Kimetengenezwa kwa mpira. Kiswahili kiliita kitu na malighafi yake kwa jina moja, na kwa bahati hiyo njema "mpira wa magongo barafuni" ni sahihi kwa pande zote mbili.

Kwa watu wa barafu, kesi ni nyingi. Georges Vezina alilinda lango la Montreal tangu mwaka 1910 hadi kifua kikuu kilipomwangusha mwishoni mwa 1925. Akafa Machi 1926, na jumba lao lilipopokea kundi la kwanza mwaka 1945 yeye alikuwamo. Tim Horton aliuawa na ajali ya gari Februari 1974 akiwa bado mchezaji, akaingizwa mwaka 1977. Pelle Lindbergh, Mswidi wa Philadelphia, alishinda mwaka 1985 tuzo ya kipa bora, tuzo yenye jina la Vezina huyohuyo, na mwaka uleule, Novemba, akafa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 26. Lindbergh ndiye anayewagombanisha watu. Sisi humwita mtu wa kazi yake "mlinda mlango". Walinda mlango wawili, mmoja ndani ya jumba, mwingine nje ya mlango.

Sasa tuwageukie wenyewe. Tuwaiteje? Kurasa zetu za michezo zina "mkongwe", "gwiji", "nguli", "nyota" na "staa". "Mkongwe" litoke hapa mara moja, kwani ndani yake kuna ukongwe, na mtu wa miaka 24 hana mvi za kulijaza. Hatari ya neno hili ni kwamba limejipenyeza kwenye vigezo bila kuitwa. Wengi wanaosema "bado hajafikia" wanachomaanisha moyoni ni kwamba hajazeeka.

"Nguli" ni tamu zaidi kuliko tunavyoitumia. Wanafasihi wanalijua kwa maana ya mhusika mkuu wa hadithi, yule ambaye kisa chote kinamzunguka. Mhusika mkuu anaweza kufa ukurasa wa 60 na bado hadithi ikawa yake. Ukilirudisha neno kwenye maana hiyo, Wanjiru ni nguli bila ubishi. Kabla yake marathoni ya Olimpiki ilikuwa mchezo wa kuviziana. Beijing, kwenye joto la Agosti, alitoka kasi tangu mwanzo, akaishusha rekodi ya Olimpiki ya Carlos Lopes ya mwaka 1984 kwa karibu dakika 3. Rekodi yake ikadumu hadi Paris 2024.

"Nyota" lina methali yake: nyota njema huonekana asubuhi. Wanaomtetea Kiptum hukimbilia hapo. Lakini soma methali vizuri. Kuonekana asubuhi ni dalili, na dalili inangoja mchana uje kuithibitisha. Kwa kijana aliyekufa akiwa na kipaji tu, "nyota" linamtosha na linampendeza. Kwa aliyekwisha kuweka rekodi ya dunia, neno hilo linamrudisha nyuma, asubuhi ambayo yeye alikwisha kuipita.

Tukiwa hapo, linda mpaka kati ya "mkimbiaji" na "mkimbizi". Kitenzi ni kimoja, ni mwisho tu uliobadilika. Mkimbiaji anakwenda kwenye kitu, mkimbizi anatoka kwenye kitu. Na linda pia "saa mbili". Ukiandika kwamba Kiptum "alimaliza saa mbili na sekunde 35", nusu ya wasomaji wataona asubuhi, chai mezani. Andika "kwa saa mbili na sekunde 35". Silabi moja, "kwa", ndiyo tofauti kati ya saa ya ukutani na muda uliotumika.

Sasa tulikabili neno zito, "ajali". Kiptum alikufa kwa ajali ya gari karibu na Kaptagat, pamoja na kocha wake Gervais Hakizimana wa Rwanda. Tunalitamka neno hili kila siku barabarani, kutoka Makambako hadi Mlima Kitonga, tukimaanisha jambo lililotokea bila kupangwa. Lakini Kiarabu kilitupa neno lenye maana iliyo kinyume kabisa: ajali ni muda uliowekwa, ahadi ya mwisho, siku iliyoandikwa. Tulilichukua neno la mpango tukaliita tukio lisilo na mpango. Methali yetu, ajali haina kinga, imesimama katikati ya maana mbili na inakubaliana na zote. Kwa mjadala wetu hilo si pambo. Anayesema Kiptum "alikufa kabla ya wakati" anatumia jicho la kamati ya michezo. Lugha yenyewe, ndani ya neno lilelile la ajali, inasema wakati ulikuwa huo. Basi tusimhukumu kwa muda ambao hakupewa.

Tazama tena kile kitenzi kidogo, "kufia". Kiswahili hakitosheki na kufa. Kinataka kujua wapi na kwa ajili ya nini. "Amefia uwanjani" ni mahali. "Ameifia nchi" ni sababu. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon mwezi Juni 2003, nusu fainali ikiendelea, akafia hapohapo uwanjani. Wanjiru alifia nyumbani kwake Nyahururu, Kiptum barabarani. Patrick Mafisango, kiungo wa Simba, alifia barabarani Dar es Salaam Mei 2012, siku chache tu baada ya timu yake kutwaa ubingwa. Tunapoambiwa "alifia mchezo", tuulize: mchezoni, au kwa ajili ya mchezo? Foé peke yake ndiye anayebeba maana ya kwanza. Ya pili hawezi kuibeba yeyote kwa kufa. Hubebwa kwa alivyoishi.

"Kustaafu" ndilo neno linalofunga mlango. Majumba mengi hutaka mwanamichezo awe amestaafu miaka kadhaa. Shirikisho la riadha la dunia, lilipoanza orodha yake mwaka 2012 na kuwaingiza watu kama Abebe Bikila na Kipchoge Keino, lilitaka miaka 10 baada ya kustaafu, pamoja na dhahabu 2 za Olimpiki au ubingwa wa dunia na angalau rekodi moja ya dunia. Asili ya kustaafu kwa Kiarabu ni kuomba kuachiliwa, kuomba udhuru. Mstaafu ni aliyepiga hodi ofisini akasema, nimechoka, niruhusuni. Wanjiru na Kiptum hawakuomba udhuru. Hawakutundika daluga wala viatu. Kuwahesabia miaka tangu "walipostaafu" ni kuwasingizia barua ambayo hawakuiandika.

Kile kipindi cha kungoja, basi, tukiiteje? "Muda wa kusubiri" ni maneno ya kituo cha basi. Napendekeza "eda". Asili yake ni kuhesabu, na Waswahili wote wanaijua: siku anazokaa mke baada ya mume kufa au baada ya talaka. Inafaa kwa sababu mbili. Eda ya mjane na eda ya aliyeachwa hazilingani, na sheria za michezo zingejifunza hapo kwamba aliyekufa na aliyestaafu wasiwekwe kapu moja. Tena katika eda anayehesabiwa siku ni yule aliyebaki. Mchezo ndio mjane. Wamarekani wa besiboli wamelielewa hilo bila kuwa na neno: mstaafu hungoja miaka 5, aliyekufa miezi 6, na Roberto Clemente, aliyekufa kwa ajali ya ndege siku ya mwisho ya mwaka 1972 akipeleka misaada Nikaragua, waliingiza jina lake mwaka 1973.

Kwa nini kungoja kabisa? Methali inajibu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huku kwetu mgema anagema ulanzi. Anakata chipukizi la mwanzi, anakinga kinywaji, na ukimsifia sana asubuhi, ukija jioni unaweza kunywa mto Kihansi mzima. Kwa hiyo ngoja aache kugema, ndipo umpime. Hoja ni safi kwa mgema aliye hai. Mgema aliyekufa hatatia maji tena. Ulanzi aliouacha kwenye mbeta ndio huo, onja useme. Kila mwaka unaouongeza hapo hauongezi uhakika wowote, unachachusha tu.

Nimefika kwenye jambo ambalo, kwangu, ndilo kiini. Sikiliza maneno mawili. "Kiptum angali anakimbia." "Kiptum angalikimbia." La kwanza linasema bado anakimbia. La pili linasema lau angekuwa hai, angefanya hivyo. Kati ya uhai na kifo kuna silabi mbili tu, "ana". Waliotupa lugha hii waliiweka "angali" ya kuendelea na "-ngali-" ya kukosekana zikisikika sawa, na mfiwa yeyote anajua ni kwa nini.

Hapo ndipo watetezi wa marehemu hupotea. Aprili 2024 Kiptum alikuwa akimbie Rotterdam, akitaka kushuka chini ya saa mbili. Angalishuka? Pengine. Lakini jumba halijengwi kwa "-ngali-". Kiambishi hicho ni cha matanga, kinatoka na machozi, na kila aliyekufa kijana anacho cha kutosha kujaza kurasa. Jumba linajengwa kwa "-li-". Alishinda Valencia Desemba 2022. Alishinda London Aprili 2023. Alishinda Chicago na kuweka rekodi. Sentensi tatu fupi. Ukiondoa kila "-nge-" na kila "-ngali-" katika utetezi wako na kilichobaki bado kinasimama, mtu wako anastahili. Kikianguka, ulikuwa ukiomboleza.

"Kustahili", kwa njia, ni neno lenye ukoo ndani yake. Linatokana na Kiarabu cha ahali, yaani watu wa nyumba. Anayestahili jambo ni aliyekuwa wa ahali yake. Swali "anastahili?" lina swali jingine chini yake: ni wa nyumba hii? Kwa hiyo nyumba ikipewa jina lisilo sahihi, hata kustahili kunapotoka.

Na kitendo cha kumwingiza? "Kuingizwa" kwenyewe kunanuka foleni. "Kusimikwa" tunamsimika chifu ili aanze kazi. Marehemu hana kazi ya kuanza. "Kutawazwa" ni vilevile, ni mwanzo wa utawala. Tunahitaji kitenzi kinachokubali kwamba kazi imekwisha na thamani yake imebaki.

"Tuzo" nalo lisitupite. Linatokana na kutuza. Nani hajaona taarabu, mtu anainuka kwenye kiti na kwenda kumtuza mwimbaji, noti mkononi, wimbo ukiendelea? Kutuza ni kwa papo hapo. Ndiyo sababu ya pili ya lugha yetu kupingana na miaka 10 ya kungoja. Ila tuzo ya aliyekufa haina jina la kuridhisha. "Tuzo baada ya kifo" ni maelezo. Napendekeza "tuzo ya hayati".

Kwa nini hayati? Kwa sababu Kiswahili kina majina mawili ya waliotangulia. "Marehemu" ni aliyerehemiwa. Ni jina la kila mtu, la dua. "Hayati" tunawatangulizia wakubwa: Hayati Mwalimu Nyerere. Na neno lenyewe maana yake ni uhai. Tunamwita aliyekufa kwa jina la uhai pale tunapokubaliana kwamba alichokifanya hakikufa naye. Hakuna kamati iliyoketi kuamua nani aitwe hayati. Ukiandika "Hayati Wanjiru" na hakuna anayeshtuka, uchaguzi umekwisha kufanyika midomoni, na waheshimiwa wa kamati wamechelewa.

Sasa nilete jina langu la nyumba: Jumba la Enzi. Asili ya enzi ni nguvu na utukufu kwa Kiarabu, na Mwenyezi ni mwenye enzi. Tuna kiti cha enzi. Tuna enzi za Mkwawa, yaani zama. Tuna kitenzi "kuenzi", ambacho Watanzania hatukitumii kwa jambo dogo: tunamuenzi aliyeondoka kwa kuendeleza thamani aliyoiacha. Ndicho kitenzi tulichokuwa tukikitafuta. Wanjiru ataenziwa, na hilo linatosha mahali pa kuingizwa, kusimikwa na kutawazwa.

Lakini ushahidi mkubwa hautoki kwenye kamusi. Keti kwa kinyozi, Mafinga au Mbeya, wazee wakizungumza mpira. Watataja jina, watatikisa kichwa, watasema: "Enzi zake, yule!" Hakuna anayeongeza takwimu. Wanamichezo tayari wana neno la kipindi ambacho mtu alikuwa mwenyewe hasa, juu ya wote. Ni enzi. Na angalia umbo lake: iwe moja au nyingi, neno halibadiliki. Halina urefu maalumu ndani yake. Enzi inaweza kuwa miaka 15 ya Vezina langoni, au karibu miaka mitatu ya Wanjiru kutoka Fukuoka 2007 hadi Chicago 2010, au miezi 10 ya Kiptum kutoka Valencia hadi Chicago. Linalouliza ni moja tu: alikuwa nayo?

Utasema miezi 10 ni kidogo, na kwamba nikimkubali Kiptum sina budi kumfungulia Lindbergh mwenye msimu wake mmoja. Sikubali. Lindbergh alikuwa bora wa mwaka huo, na kila mwaka una bora wake. Kiptum alikuwa bora kuliko wote waliowahi kukimbia hadi siku hiyo. Mmoja alishinda wenzake, mwingine alishinda orodha nzima ya walio hai na waliokufa. Hiyo ndiyo enzi. Kwa Lindbergh jumba linakuwa gumu, na simwoni akipita bila msaada wa "-ngali-". Kwa Mafisango tuwaulize wa Simba, wao ndio ahali yake. Hakizimana, ambaye magazeti yalimwita kocha na sisi Watanzania tungemwita mwalimu, naye ana "-li-" zake tatu, kwa kuwa mbio zile tatu zilikuwa za watu wawili.

Aliyeenziwa tumwiteje? "Mwenzi" limeshikwa, ni wa ndoa na wa safari, na linatoka ukoo mwingine kabisa. Kwa utaratibu wa mteuliwa na mshitakiwa, tunapata "mwenziwa". Najua litasikika jirani na "mwenziwe". Sioni ubaya. Mwanamichezo aliyeingia jumbani ni mwenziwe Keino na mwenziwe Bikila, na ujirani huo wa sauti unafanya kazi ya maana bila malipo.

Basi ninayoyaleta kwako ni manne: Jumba la Enzi, mwenziwa, tuzo ya hayati, na eda. Mhariri wa michezo ayajaribu kwenye kichwa cha habari, mtangazaji ayatamke kwa kasi ya mpira uone kama hayakwami. Eda naitetea kwa nusu moyo. Najua wapo watakaoona nimeitoa nyumbani kwa mjane bila hodi, na ukileta bora zaidi nitaipokea. Enzi sikuachii kirahisi. Ukitaka kuiondoa, leta neno jingine ambalo kinyozi wa Mafinga analitumia bila kufundishwa, linalomfaa mzee wa miaka 44 kama Horton na kijana wa miaka 24 kama Kiptum, na ambalo halihitaji "-ngali-" hata moja ili lisimame.